Mikato Minne Nyuma ya Ubao

Msasa alikuwa mwoga, na hakuwahi kulificha hilo. Aliogopa ngazi, hata ile ya vipawa vitatu. Aliogopa mbwa aliyefungwa, daraja la mbao, mtu aliyeshika faili, na mlango unaogongwa na asiyesema yeye ni nani. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba siku ujasiri ulipogawiwa, yeye alikuwa uani anaanua nguo. Kwa hiyo wale wanaomkumbuka kama mwanamke aliyesimama juu ya meza ya zahanati na patasi mkononi, foleni nzima ikimtazama, wajue kwamba magoti yake siku ile yaligongana mpaka meza ikawa inalia.

Jina hilo alipewa na baba yake. Mzee alikuwa mchongaji na mjuzi wa dawa za miti, na kwake kazi hizo mbili zilikuwa kazi moja. Hakujua kusoma. Kila mmea alioufahamu aliuchonga kwenye ubao, mzizi chini, kisha shina, majani, ua na tunda, kila kitu kwa ukubwa wake, na mbao hizo akazisimamisha chumba cha ndani kama vitabu rafuni. Alipotaka kukumbuka jambo alifumba macho akapapasa. Mwanawe wa kiume alimpa patasi. Binti alimpa fungu la majani makavu ya msasa, yale yenye ukwaru kama ulimi wa ng'ombe, akamwambia alainishe. Baadaye yalikuja makaratasi ya msasa ya dukani, lakini kwenye pembe za ndani, ambako karatasi haipiti, binti aliendelea kutumia jani mpaka uzee wake.

Alikuwa na kazi nyingine pia, isiyosifiwa na mtu. Miguu yake ilikuwa myepesi, kwa hiyo kila ubao mpya ulipoanzwa, yeye ndiye aliyeshuka bondeni kuung'oa mmea wenyewe na kuuleta ungali mbichi, uwekwe mbele ya mchongaji. Kaka yake aliijua mimea kwa patasi. Yeye aliijua kwa magoti yaliyolowa, kwa harufu, na kwa vidole.

Kufuli lilianza baada ya mgeni mmoja. Alikuwa mchuuzi wa dawa, akanunua ubao mmoja kwa maneno matamu, na mwaka haukuisha mmea ule ulikuwa umechimbwa bonde zima. Sokoni uliuzwa kwenye chupa kama tiba ya kila kitu, kuanzia jino mpaka kuachwa na mpenzi. Mzee hakupiga kelele. Alikaa siku tatu bila kushika chombo, kisha akatoka na sheria yake, aliyoiita kufuli: ubao wowote utakaovuka kizingiti uwe na uongo mmoja. Petali ya ziada, au tunda lenye ncha pale ambapo tunda halisi ni duara. Mwenye haraka akienda nao bondeni azunguke weee, arudi mikono mitupu.

Lakini uongo huo ulikuwa na adabu yake, na Mzee aliirudia adabu hiyo mpaka watoto wakaichoka: umrudishe mtu nyumbani, usimpeleke kwenye sumu.

Ili wao wenyewe wasijidanganye, alikata alama nyuma ya ubao, kwenye ukingo wa chini. Mkato mmoja, ua ni la uongo. Miwili, tunda. Mitatu, mzizi. Minne, majani. Msasa alikatazwa kulainisha sehemu hiyo. Siku moja Mzee aliwaita wote wawili karakana, akawawekesha mikono juu ya jiriwa ya kubania mbao, chuma baridi, wakaapa kwamba maana ya mikato haitatoka nje ya damu yake. "Hata mke utakayemwoa," alimwambia kijana wake. Kijana alicheka. Binti hakucheka, alikuwa ameshaanza kuogopa kwamba ataota na kusema usingizini.

Mzee akaenda walikokwenda wenziwe. Kaka mtu akawa Fundi, jina lake likavuka mitaa. Alioa mwanamke wa shule, aliyefundisha miaka thelathini, ambaye hata orodha ya sokoni aliiandika kwa mstari ulionyooka. Wote walimwita Mwalimu, pamoja na mumewe. Msasa alimpenda wifi yake na alimwogopa, na hakuweza kusema kipi kilitangulia. Walikaa nyumba moja, vyumba vinatazamana, na kwa miaka yote hiyo Mwalimu hakumsikia akibisha neno.

Fundi alichonga seti yake kubwa, mbao kumi na mbili, kwa miaka miwili. Ubao wa tisa aliuchonga wiki ya mvua, Msasa akiwa kitandani na mguu uliovimba. Hapakuwa na wa kushuka bondeni. Fundi akachonga kwa kumbukumbu.

Mmea wenyewe uliitwa mtulizo, wa maumivu ya tumbo. Majani yake hupanda kwa kupishana, moja huku, moja kule, kama nyayo za mtu anayetembea. Bondeni humo humo kuna mwingine unaofanana nao kama pacha, isipokuwa majani yake hukaa mawili mawili, yakitazamana. Mzee hakuwahi kuupa huo jina. Aliuita "yule mwingine," na alipoutaja alishusha sauti. Msasa alikuwa na miaka saba alipomwona mbuzi aliyeula. Mbuzi alipiga magoti ya mbele taratibu, kama anayeomba radhi, na jua lilipofika utosini alikuwa ameshakauka. Picha hiyo ilikaa naye maisha yote.

Mguu ulipopona, alikaa kwenye kigoda chake akauchukua ubao wa tisa alainishe. Akaanza mzizini, akapanda na shina. Kidole gumba kikagusa jani la kushoto. Kidole cha shahada kikagusa jani la kulia, palepale, sawa kwa sawa. Akapanda zaidi. Mawili. Mawili. Akageuza ubao akapapasa nyuma: mikato minne. Fundi alikuwa ameweka kufuli lake kwenye majani, na kwa kutokuwa na mmea mbele ya macho, alichonga yule mwingine.

Alimwambia kaka yake. Aliogopa, lakini alimwambia. Fundi alipokea ubao, akauangalia muda mrefu, akajifuta paji la uso kwa mkono wenye vumbi la mti. "Umeniokoa," alisema. "Huu hautoki humu ndani. Nitachonga mwingine." Akausimamisha nyuma ya mlango, uso ukutani. Mwezi uliofuata moyo wake ulisimama akiwa amekaa kitini, randa mapajani.

Msasa aliwaza kuhusu ubao ule siku ya mazishi, siku ya arobaini, na siku nyingi baada ya hapo. Ulikuwa nyuma ya mlango. Hauna miguu, alijiambia.

Mwaka wa pili wa ujane wake, Mwalimu aliamua mbao zile zisiliwe na vumbi. Zahanati mpya ilikuwa imejengwa mtaa wa pili, yenye korido ndefu nyeupe isiyo na kitu ukutani. Akamwandikia daktari barua, daktari akakubali kwa furaha. Mwalimu alihesabu mbao, akapata kumi na moja, akatafuta, akaupata wa kumi na mbili nyuma ya mlango. Alimletea Msasa zote kumi na mbili uani pamoja na kopo la mafuta ya mbao na matambara safi. "Wifi, hii ni kazi ya mikono yako. Zing'ae. Watu wamwone kaka yako alivyokuwa."

Hapo ndipo Msasa alipopaswa kusema. Alifungua kinywa. Aliiona mikono yake juu ya chuma cha jiriwa. Alimwona wifi yake kwenye gauni jeusi, mgongo umenyooka, uso una nuru kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akakifunga kinywa. Ni mapambo, alijiambia, nani atakwenda kujitibu kwa mapambo? Akaupaka ubao wa tisa mafuta, mara mbili, na ndio uliong'aa kuliko yote.

Mwalimu aliandika kibao cha shaba kwa maneno yake mwenyewe: Mimea iliyotutibu. Kila jani limechongwa kama lilivyo.

Siku ya kutundika, mafundi walitumia skrubu ndefu. Migongo ya mbao ikalala ukutani, mikato ikafichwa na chokaa. Msasa alipiga makofi pamoja na wengine, na viganja vyake vilikuwa vibichi kwa jasho.

Ziliisha wiki sita. Goti lilimsumbua, akaenda zahanati asubuhi, akapewa kikaratasi chenye namba thelathini na moja, akakaa kwenye benchi ambalo, kwa bahati yake, lilikuwa chini ya ubao wa tisa. Kando yake kulikuwa na mwanamke kijana mwenye chanuo la mkia lililochomekwa nyweleni, vidole vimepakaa mafuta na nyuzi nyeusi za kusukia. Alikuwa amenyanyua simu.

"Bibi, samahani, sogeza kichwa kidogo," alisema. "Unanizibia mzizi."

Msasa alisogeza kichwa kabla hajaelewa. Kisha akaelewa.

Msusi yule alikuwa mzungumzaji, kama wasusi walivyo. Alieleza bila kuulizwa kwamba ni mama mkwe wake, tumbo linamkata wiki ya tatu sasa, amekuja mwenyewe kumuulizia maana mgonjwa amegoma kabisa kutoka. Vidonge vya dirishani anavificha chini ya mto. "Yule mama nikimpa hata maji anayanusa kwanza. Lakini dawa ya miti anaiamini. Na hii naijua inakoota, iko tele kule bondeni."

Msasa alimgeukia. "Mwanangu," alisema, "huo ubao ni pambo tu."

"Pambo lenye maandishi?" Msusi alisogea hadi kwenye kibao cha shaba akakisoma kwa sauti, akiweka kidole chini ya kila neno. "Hapa kaandika mtu aliyesoma, bibi. Si mimi wala wewe."

Msasa alitafuta sentensi. Alikuwa nayo, ilikuwa fupi, hayo majani si yake, lakini nyuma ya sentensi hiyo alisimama baba yake, na nyuma ya baba yake alisimama wifi yake. Alikuwa amefika kwenye "hayo" pale mlango ulipofunguka na nesi akaita thelathini na moja. Maisha yake yote Msasa alimtii yeyote aliyemwita kutoka mlangoni. Aliinuka akaingia.

Ndani, daktari alimbonyeza goti, akamuuliza maswali, naye akajibu "ndiyo, daktari" kwa kila moja, pamoja na lile la kama anakunywa pombe. Daktari aliacha kuandika akamtazama. Msasa akaomba radhi, akasema amesahau kitu benchi, akatoka.

Benchi lilikuwa tupu.

Kilichofuata hakikuwa ushujaa. Alijua mambo mawili tu kuhusu yule mwanamke, kwamba ni msusi na kwamba ana mama mkwe, na mtaa wa saluni ulikuwa na saluni sita. Aliingia ya kwanza akahema, hakuna amjuaye. Ya pili walimtazama nywele zake, fupi na nyeupe kama pamba iliyosahaulika shambani, wakaangua kicheko. "Bibi, tukusuke zipi? Hizi mbili za mbele au hizo tatu za nyuma?" Siku nyingine angecheka nao. Siku hiyo alisimama katikati ya dawa za nywele na sauti ya mashine za kukaushia, akamwona mbuzi akipiga magoti. Alitoka bila kuaga. Ya tatu ilikuwa imefungwa. Alihesabu kwa vidole: kushuka bondeni, kuchimba, kuosha, kuchemsha mpaka maji yabadilike rangi. Saa mbili. Labda chini ya hapo, kwa mtu mwenye haraka. Na hapo alikuwa ameshapoteza karibu saa nzima.

Saluni ya nne mwenye duka alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. "Ndiye huyo ninayemngoja," alisema kwa hasira, akionyesha ile nusu nyingine. "Kaniachia mtu hivi, eti anapitia bondeni kuchimba dawa ya mama mkwe. Ukimwona mwambie kichwa cha watu hakiachwi kama shamba." Akamwelekeza: nyuma ya mashine ya unga, mlango wa buluu.

Msasa alikimbia. Goti lilimpigia kelele, kandambili moja ikakatika, akaibeba mkononi bila kujua kwa nini. Kila aliyepishana naye alimtazama, na yeye, aliyeogopa kutazamwa, hakumwona hata mmoja.

Harufu ilimpokea mlangoni. Mtulizo ukichemka hunuka udongo uliolowa. Hii ilikuwa tamu, tamu ya kukaba, kama tunda lililolala chumbani. Aliingia bila hodi. Msusi alikuwa amechutama mbele ya jiko, anakoroga. Chumbani, mlango ukiwa wazi, mama mmoja mnene alikuwa amelala ubavu akiangalia ukuta, na kwenye stuli kando yake palikuwa na kikombe.

Kikombe kilikuwa kitupu.

"Amekunywa?" aliuliza Msasa.

"Wewe si yule bibi wa…"

"Mwanangu, amekunywa?"

"Kikombe kizima," alisema msusi, na palikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Leo hakunisumbua hata."

Msasa alikaa chini, palepale sakafuni, kandambili kifuani. Aliyasema yote kwa mkupuo, majani yanayotazamana, majani yanayopishana, yule mwingine, mbuzi. Msusi alimsikiliza huku uso wake ukififia, kijiko kikitona sakafuni tone kwa tone. Jikoni sufuria iliendelea kutokota.

Kisha sauti ikatoka kitandani, nzito, ya mtu aliyesumbuliwa.

"Sijanywa."

Waligeuka wote wawili.

"Nimekimwaga kwenye ndoo," alisema mama mkwe, bado anaangalia ukuta. "Kila anachonipikia kinachonuka dawa nakimwaga kwenye ndoo. Mwaka wa sita huu."

"Mama," alisema msusi. "Miaka sita?"

"Na ule uji wa ndimu pia."

Msasa alitambaa mpaka kwenye ndoo iliyokuwa chini ya kitanda, akatazama, na kweli dawa ilikuwamo, ya manjano, imetulia. Alitaka kucheka na kulia, hakujua aanze na kipi. Lakini alipoinua uso alimwona msusi akijigusa midomo kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Bibi," alisema msusi, "mimi nilionja. Kijiko tu. Nilitaka kujua kama ni chungu. Mbona siisikii midomo yangu?"

Walimpeleka zahanati kwenye toroli la kijana wa mashine ya unga, mama mkwe naye akifuata nyuma kwa miguu, tumbo lake akilisahau, akimgombeza mkwewe kwa kila hatua kwa kuonja onja vitu, na kumshika mkono asidondoke. Msasa alibeba kipande cha mzizi kwenye mfuko wa plastiki. Daktari alipouliza ni nini hiki, Msasa, mwoga wa watu wenye faili, aliangalia lile faili, akasema si mtulizo, ni yule mwingine, ni sumu, na ubao wenu ndio uliomdanganya.

"Nani anasema hivyo?" aliuliza daktari, si kwa ukali.

"Mimi niliyeulainisha."

Daktari hakupoteza muda kuuliza zaidi. Walimlaza msusi, na Msasa na mama mkwe wakakaa koridoni, wakitazamana na zile mbao kumi na mbili. Hofu ya saa zile ilikuwa ya aina ambayo hakuwahi kuijua. Hofu zake zote za zamani zilikuwa za kufanyiwa jambo. Hii ilikuwa ya kuwa amelifanya. Alijiona akipaka mafuta uani, mikono yake mwenyewe, mara mbili ili ung'ae. Mama mkwe alisema kwa sauti ya chini kwamba uji wa ndimu haukuwa mbaya, ni yeye tu hakutaka aonekane ameshindwa.

Alasiri daktari alitoka. Kijiko kilikuwa kidogo, midomo imeanza kurudi, lakini atabaki mpaka kesho waendelee kumwangalia. "Ingekuwa kikombe," alisema, hakumaliza. Akaongeza kwamba ubao hawezi kuugusa bila ruhusa ya aliyeutoa.

Kutoka zahanati mpaka nyumbani ni dakika kumi. Msasa alizitembea kwa saa nzima.

Mwalimu alikuwa mezani anapiga pasi vitambaa. Alimtazama wifi yake, mguu mmoja peku, vumbi mpaka magotini, akaitoa pasi kwenye umeme. Msasa hakukaa. Alisema akiwa amesimama mlangoni, ili akishindwa aweze kukimbia: kuhusu mikato, kuhusu kiapo, kuhusu ubao wa tisa na kwa nini ulikuwa nyuma ya mlango, kuhusu kopo la mafuta, kuhusu msusi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, alizungumza kama anayesoma. "Miaka thelathini na minne nimelala kitanda kimoja na mume wangu. Na kila ubao alionionyesha aliniambia, mke wangu, mmea ndivyo ulivyo."

"Alikuwa ameapa, wifi."

"Na mimi nikaandika kwenye shaba."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Akauliza nani mwingine anajua. Kisha akasema, taratibu, kwamba wangeweza kuutoa ubao kesho, waseme umeingiwa na wadudu. Hakuna aliyelazimika kumtaja marehemu. Jina lake lilikuwa ndiyo mali pekee aliyowaachia watoto, na watoto walikuwa mbali, wakilitumia kila siku.

Msasa aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye mlango wa buluu. "Ubao utashuka," alisema. "Picha haitashuka. Sijui ziko kwenye simu za watu wangapi. Wifi, kaka aliuficha. Alitaka kuurekebisha, hakuwahi. Sisi ndio tuliomtoa nje na kosa lake, wewe kwa kujua kuandika na mimi kwa kujua kunyamaza."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kubisha lililowahi kusikika kutoka chumba cha pili. Mwalimu alimtazama kana kwamba ukuta umeongea. Baadaye alikwenda kabatini, akatoa mkoba wa ngozi wa mumewe, ule wa patasi, ambao haukuwa umefunguliwa tangu msiba, akauweka mezani mbele ya wifi yake.

"Mimi siwezi kuchonga," alisema.

"Mimi pia sijawahi. Nililainisha tu."

"Basi utaanza."

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu, benchi zote zimejaa. Mwalimu alisimama kwenye korido kwa gauni lake jeusi, akagonga ukuta kwa funguo kama anavyogonga ubao wa darasani, na watu wazima wenye mafua na vidonda wakanyamaza wote. Aliwaambia kwamba mume wake alifundishwa na baba yake kuficha jani moja la kweli ili bonde lisichimbwe. Kwamba kwenye ubao wa tisa alikosea, akajua, akauweka kando. Kwamba aliyeutundika ni yeye, mkewe, bila kuuliza. Aliyepiga picha aifute. Aliyempa jirani picha amfuate jirani. Aliyesema kila jani limechongwa kama lilivyo alikuwa anajivunia jambo asilolijua. Alisema hayo bila kuinamisha kichwa.

Skrubu zilikuwa zimeshika, ubao haukutoka. Ndipo wakaleta meza, na Msasa akapanda. Mwalimu aliishika miguu ya meza kwa mikono miwili. Msasa alifumba macho, akapapasa mpaka akalipata jani la kulia la chini kabisa. Alilijua, alikuwa amelilainisha kwa jani la msasa, pembe kwa pembe. Akaegesha patasi shinani mwake, akapiga nyundo. Hakikutoka kitu. Akapiga tena, meza ikalia, na jani likaruka likaanguka mapajani mwa mzee mmoja aliyekuwa na namba nne. Likafuata la kushoto juu yake, kisha la kulia, kushoto, kulia, moja huku, moja kule, mpaka mmea ukawa unatembea.

"Sasa zilizobaki," alisema Mwalimu kutoka chini.

Zilichukua siku mbili, maana skrubu za kila ubao zilibidi zilegezwe kwa mafuta kwanza, ndipo ugeuzwe na mikato isomwe. Msasa aliisoma kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku daktari akiandika. Kiapo cha jiriwa kiliishia hapo, mbele ya watu na kikohozi chao. Alimwomba baba yake radhi kwa kila ubao, kimoyomoyo, mara kumi na mbili. Mwalimu aliomba karatasi, akaandika maelezo mapya kwa mwandiko wake ulionyooka, na mwishoni akaongeza kwamba dawa hutolewa dirishani. Kile kibao cha shaba alikifungua mwenyewe kwa bisibisi, akakitia mkobani.

Msusi alirudi saluni siku ya tatu, akamaliza ile nusu ya kichwa iliyokuwa inamsubiri. Mama mkwe alikubali kupelekwa hospitali kubwa, ikaonekana ni vidonda vya tumbo. Anakunywa uji wa ndimu sasa, ingawa bado anaunusa kwanza.

Msasa aliendelea kuogopa ngazi. Kwa miezi mingi akisikia mtu anahodisha, moyo ulimwenda mbio, akidhani ni jirani wa jirani aliyekuwa na picha. Mwalimu akawa anatoka yeye kufungua.

Daktari alimuuliza siku moja kama hataki kurudi kuzipiga msasa zile sehemu alizokata, kwa sababu zimebaki na vichwa vya nyuzi za mti, zinachoma mkono. Msasa alipapasa jeraha la jani la kwanza, akaacha kidole hapo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hapo paache pachome."